Kina Kasereka wa Baharini

Watu wa Vulamba, mtaa wa Butembo, walimwogopa Kitsa kwa sababu moja: hasahau. Mbunge akija kuomba kura na gari lake la vioo vyeusi, Kitsa alisimama mbele ya umati, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, akamkumbusha barabara aliyoahidi, mwaka alioiahidi, na shati alilovaa siku hiyo. Polisi walimfukuza pale njia panda mara nyingi. Alirudi kila mara, Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, watu wakiwa bado na majembe mikononi, akaanza pale alipokatizwa.

Shule aliiacha katikati, vita vilipofunga njia ya Kanyabayonga na baba yake akarudi nyumbani bila mzigo. Akawa muuza viatu vya mitumba. Ndani ya marobota ya mitumba, kati ya kiatu na kiatu, huingia wakati mwingine kitabu ambacho mtu wa Ulaya hakujua akitupe wapi. Kitsa alivisoma vyote, vya mapishi na vya sheria, Kifaransa chake kikichechemea. Kimoja kilikuwa kimeng'oka jalada. Alikifungua akakuta mnyama mwenye mwili wa samaki, mdomo mrefu kama mkasi, na jicho pana kama sahani. Chini yake waliandika kwamba huyo si samaki.

Ni mtambazi, walisema, wa ukoo mmoja na mijusi, kenge na nyoka. Mababu zake walitembea nchi kavu kwa miguu minne. Kisha, kwa muda mrefu kiasi kwamba akili ya mtu inachoka kuufuata, wakarudi majini: miguu ikawa makasia, mkia ukapanuka, mtoto akazaliwa hai ndani ya maji bila yai kutagwa ufukweni. Ila mapafu yalibaki yale yale ya nchi kavu. Ilimbidi mnyama apande juu kuvuta pumzi mpaka siku aliyokufa. Na leo hayupo hata mmoja.

Kitsa alifunga kibanda chake mchana kweupe akaenda moja kwa moja kwa Apollinaire.

Apollinaire alikuwa rafiki yake tangu walipokuwa wakichunga mbuzi kwenye kilima kimoja. Darasani walitumia kitabu kimoja, huyu akishika upande huu na yule upande ule. Mmoja alitoka, mwingine akaendelea mpaka akapata diploma, akawa mwalimu wa biolojia, mtu wa miwani na shati la kuchomekea. Lakini hakumwonea haya muuza viatu. Siku hiyo walikaa na kile kitabu mpaka chai ikapoa. Pale Kifaransa cha Kitsa kilipokwama, Apollinaire alimvusha. Pale Apollinaire aliposema haya mambo niliyakariri kwa mtihani tu, Kitsa alimuuliza maswali mpaka akalazimika kuyaelewa.

Wakatengeneza turubai. Lilikuwa turubai kuukuu la lori la Maulidi, msafirishaji wa Beni, mtu wa msikiti na wa mzaha, aliyewapa bure aliponunua jipya. Walichora kwa rangi zilizobaki kwa waandikaji wa vibao vya maduka. Kushoto, mnyama kama kenge, vidole vyake majini. Halafu mwili unarefuka, miguu inafupika. Halafu iktiosori kamili, yule wa jicho la sahani. Chini yake mosasori, ndugu wa kweli wa kenge, mwenye taya la kumeza mtu. Pembeni yule wa shingo ndefu. Mwisho wa turubai, kulia, walipaka weusi mtupu, kwa sababu wote waliisha.

Somo hilo walilitembeza. Wagawane kazi vipi? Apollinaire alishika fimbo ya kuonyeshea, Kitsa akasema. Ndivyo walivyokubaliana, na ndivyo ilivyokuwa miaka yote.

Mara moja tu mpango uligeuka, huko Kyavinyonge, ufukweni mwa ziwa, mbele ya wavuvi na wanawake wanaouza tilapia. Kitsa alieleza mpaka jasho likamtoka. Mwanamke mmoja mwenye kisu cha kuparia samaki akamkatiza: kitu chenye mwili wa samaki, pezi la samaki na mkia wa samaki ni samaki, basi, na huyo papa, huyo baba wa Butembo, asiwapotezee wakati. Watu wakacheka. Kitsa akatafuta neno akalikosa. Ndipo Apollinaire akashusha fimbo, akasema kwa Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa ndani.

“Mama, hapa kwenu bakina Kasereka bako wangapi?”

Wanawake wakaanza kuhesabu kwa vidole, wakaacha. Wengi.

“Bote balizaliwa na mama moja?”

“Hapana. Itawezekana namna gani?”

“Mais jina ni moja.”

“Wewe si Munande? Kila moja ni kijana wa tatu kwa mama yake, donc ni Kasereka.”

“Njo vile. Jina haikutoka mu damu, ilitoka mu nafasi yenye alizaliwa. Hii nyama,” akamgusa mnyama wa turubai, “na samaki, na ule banaita dauphin, pomboo, kila moja iko na mama yake. Mai yenye banaishi ndani njo ilibapatia umbo moja.” Akajigusa kifua. “Mimi mwenyewe ni Kasereka. Nendeni muite Kasereka ku soko ya Butembo, mutaona vichwa ngapi vitageuka. Hakuna hata moja ya mama yangu.”

Yule mwanamke akashusha kisu, akasema sasa ameona. Kitsa alisimama kando ya turubai, na furaha yake ilikuwa na kijiwivu ndani yake. Ukurasa ule alikuwa ameusoma mpaka ukachanika, na mfano huo haukumjia. Tangu siku hiyo, wakifika hapo, alinyamaza akampisha Apollinaire, kwa sababu mfano ulikuwa wake.

Halafu ikaja habari ya Beni.

Mtandao mmoja wa shule, wenye kanisa lake nyuma yake, ulikuwa umefungua madarasa ya watoto waliokimbia mauaji ya vijiji vya msituni. Walitaka somo la sayansi litembee darasa hadi darasa mwaka mzima. Kitsa alilitaka jambo hili kuliko alivyowahi kutaka kitu. Maisha yake yote alikuwa amefundisha akiwa amesimama matopeni, huku sikio moja likisikiliza buti za polisi. Hakuwahi kusimama mbele ya ubao mweusi, watoto wameketi, mlango umefungwa kwa amani. Ruhusa ilihitaji jina la mtu mwenye diploma, kwa hiyo waliandika la Apollinaire. Lakini walipeana mkono kwamba mpango ni ule ule, fimbo kwa mmoja na sauti kwa mwingine. Walifanya jaribio katika darasa moja. Watoto waliacha viti wakaja kuligusa lile jicho. Kitsa alirudi Butembo akiimba.

Baadaye wakaitwa tena. Kuna mzazi amelalamika, waje wote wawili, wajieleze kabla ruhusa haijatolewa.

Walipanda lori la Maulidi, turubai limekunjwa miguuni pao. Maulidi aliuliza kama leo tena wanabeba lile mamba lao. Kitsa akamwambia si mamba. Maulidi akasema kitu kiko majini, kina meno, yeye akikiona anakimbia, jina atauliza akifika mbali. Kwenye kizuizi askari aliamuru mzigo ufunguliwe, akatazama lile taya, akauliza kwa Kilingala hiki ni nini, “Oyo nini, papa?” Kitsa akashika kona ya turubai akaanza kueleza habari ya kenge, na askari akawapungia mkono waende, waende. Maulidi alicheka mpaka akakohoa. Apollinaire alitazama nje ya dirisha, migomba ikipita. Kitsa alifikiri ni wasiwasi wa mkutano, akamwambia asiogope, ukweli wenyewe utasimama.

Katika ukumbi wa shule wazazi walikuwa wameshaketi kwenye viti vya watoto, magoti yamepanda juu. Mratibu wa shule, mtu wa sauti laini na suti, alikaa mezani. Pembeni yake alikuwa Hadjara, muuza vitenge mkubwa wa Beni, Mwislamu, aliyechaguliwa na wazazi kuwa kiongozi wa kamati yao kwa sababu haogopi mtu. Kitsa alitundika turubai mwenyewe, akalinyoosha vizuri, akasimama kando yake. Mratibu akamwomba mama mmoja aseme.

Aliitwa Florentine. Alikuwa amekimbia kijiji cha msituni na watoto aliobaki nao, akiishi kwenye nyumba ya kuazima. Hakupaza sauti.

“Mutoto wangu alirudi ku nyumba akasema, mama, ku masomo balifundisha Kasereka ni nyama ya mu mai. Mimi nilikuwa na Kasereka. Kijana wangu wa tatu. Balimukata ku shamba, kama vile banakata nyama. Sasa ninaleta badogo yake ku masomo, na masomo inabaambia kaka yabo ni nyama.”

Hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Ila mtoto mwenye kaka aliyekufa hivyo, akisikia jina lile na mnyama yule katika sentensi moja, angesikia nini kingine? Hawakulifikiria. Kyavinyonge walielewa, basi wakadhani mfano uliowafaa wavuvi unaweza kuvuka msitu na kuingia Beni jinsi ulivyo.

Mratibu akauliza ni nani kati ya hawa wawili alisema maneno hayo.

Florentine alimtazama mratibu kwanza. Halafu akanyoosha kidole kwa Kitsa. “Ule wa kofia.”

Kitsa hakushtuka. Mama amechanganya, mtoto alieleza vibaya, mambo hayo hutokea. Alimgeukia Apollinaire na kusubiri. Mfano ulisemwa na Apollinaire mbele ya darasa zima, mkono kifuani. Neno moja lingetosha: ni mimi, mama, pole. Mratibu naye alimgeukia, akamuuliza yeye kama mwalimu aliyesomea kazi hiyo.

Apollinaire alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati.

“Kitsa ni rafiki yangu,” alisema. “Mais hakusoma pédagogie, namna ya kufundisha. Ule mufano, nilimukataza mara mingi.”

Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili kila mzazi aelewe.

Kitsa alihisi kama ardhi ya ukumbi imekuwa tope. Alikuwa na kichwa cha kukumbuka. Wabunge wote aliwahifadhi humo, na mameya, na makamanda waliokuja kuahidi usalama, kila mmoja na uongo wake umebandikwa mahali pake. Humo ndani alitafuta jambo lolote juu ya Apollinaire, akakuta patupu. Miaka yote alikuwa amelinda mlango mmoja, wa mbele, ule wanaoingilia wakubwa. Huyu wa ndani hakuwahi kumwekea hata alama ndogo.

“Mama,” alisema mwishowe, akimtazama Florentine, “pole kwa kijana wako. Kweli pole. Mais ule mufano, hapana wangu.”

Wazazi wakanung'unika. Mmoja nyuma akasema ona, sasa anamtupia mwenzake aliyesoma. Pole yake ilisikika kama kukimbia, na Kitsa aliisikia hivyo yeye mwenyewe.

Hadjara alikuwa amekunja uso muda wote. Akagonga meza kwa pete.

“Mimi sielewi. Bwana Mratibu, wiki yenye maître, huyu mwalimu, alikuja hapa, si mulituambia tayari atafundisha yeye peke yake? Tukasema sawa. Sasa huyu papa tulimuitia nini? Tumuaibishe tu?”

Mratibu alikohoa, akasema kikao kimefungwa, uamuzi watausikia.

Tangu lile jaribio Apollinaire aliondoka Butembo wiki moja tu, akimwambia Kitsa anakwenda Lubero kwenye mazishi ya shangazi. Kitsa alimpa hata koti lake, kwa ajili ya baridi ya kule.

Alishusha turubai bila kuzungumza na mtu, akalitoa nje uani. Turubai kubwa vile halikunjwi na mtu mmoja. Siku zote walishika pembe mbili mbili wakakaribiana. Sasa alilitandaza kwenye vumbi akalikunja kwa magoti, akitambaa juu ya mgongo wa iktiosori. Apollinaire alimfuata. Aliinama ashike kona.

“Usiguse.”

“Kitsa, sikiliza. Balitaka mutu moja, wa diploma. Balisema mutu wa njia panda, mutu wa kupigana na bakubwa, hawezi kuingia ku batoto. Ningekataa, tungekosa wote wawili, na somo ingekufa. Sasa somo itabaki.”

“Na wewe utapata nini?”

Apollinaire alitazama viatu vyake. “Bataniweka directeur, mukubwa wa masomo. Hapa. Kitsa, mimi nimezeeka ku ubao.”

“Ungenambia. Ku Butembo, ku nyumba, ungenambia: ndugu yangu, balinipa nafasi, ninachukua. Ningekasirika siku moja, mbili. Mais unanileta mpaka hapa, mbele ya mama wa maiti, unanivika neno lako?”

Apollinaire alisema, kwa sauti ndogo, kwamba anaomba aachiwe turubai. Watoto watafundishwa na nini? Nusu ya michoro ni ya mkono wake. Hapo hakudanganya; lile jicho alilichora yeye.

Kitsa alisimama, vumbi magotini. Hasira ilimwambia alichane pale pale. Lakini kupitia dirisha aliliona lile darasa, viti vidogo, ubao mweusi aliosimama mbele yake mara moja tu, na akajua akiondoka nalo hakuna atakayewaonyesha watoto wale kitu kama hiki tena.

“Nitakuachia,” alisema. “Bazazi bangali mule ndani. Rudi, umwambie ule mama: mufano ulikuwa wangu. Neno moja tu. Hata usiombe pole. Ukimaliza, bâche hii ya michoro ni yako, na batoto, na bureau ya directeur. Mimi nitarudi ku viatu vyangu.”

Apollinaire aligeukia mlango wa ukumbi. Sauti za wazazi zilisikika, viti vikiburutwa. Alikwenda mpaka kizingitini. Mratibu alikuwa amesimama ndani, akiongea kwenye simu na kucheka. Apollinaire alishika mwimo wa mlango, kisha akarudi.

“Kesho,” alisema. “Nitamwambia kesho, polepole, yeye peke yake.”

Kitsa alifunga turubai kwa kamba, akalivuta mgongoni, akaondoka.

Njiani kuelekea langoni alijaribu kumtukana moyoni kwa lugha ya somo lao. Alifikiria yule mnyama aliyevaa umbo la samaki huku pumzi yake iko kwingine, juu, mahali samaki hawaendi. Ingefaa sana kwa njia panda. Watu wa Vulamba wangepiga makofi. Lakini mfano ulikataa kumtumikia. Mnyama yule alibadilika ili aishi. Hakumpa mtu mkono wa makubaliano.

Florentine alikuwa langoni, amembeba mtoto mgongoni, anasubiri mwingine atoke darasani. Alipomwona Kitsa alitaka kugeuka, kisha hakugeuka.

“Papa wa kofia.”

Kitsa alisimama.

“Nilijua hapana wewe. Mutoto alinambia ni ule wa miwani.”

Kitsa alishusha mzigo. Aliuliza kwa nini, basi.

“Bakubwa ba masomo balinambia niseme wewe. Uchungu ni wangu, ile sikuazima kwa mutu. Mais wa kunyoshea kidole, balinipatia. Niko na batoto bane mu hii masomo, na hakuna kwenye nitabapeleka. Ungekuwa mimi ungefanya nini?”

Kitsa alitazama barabarani; lori la Maulidi lilikuwa linakuja, likipiga honi kwa mbali. Alikuwa na haki ya kuondoka. Alikuwa na haki ya kumwambia amuulize mwalimu wake mpya.

“Ule mufano,” Florentine alisema, “ulikuwa unasema nini kwa kweli? Mutoto hakuelewa. Mimi ninalala na hiyo neno.”

Lori likasimama. Maulidi akachungulia, akaona nyuso zao, akazima injini.

“Ulikuwa unasema,” Kitsa alianza, akakwama, akaanza tena, “bakina Kasereka bako wengi, mais kila moja iko na mama yake. Hata bafanane jina, hata bafanane sura, hakuna mutu anaweza kusema ni moja. Wa kwako ni wa kwako. Hakuna mwengine.”

Florentine alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge. Alichukua muda mrefu kukikaza.

“Basi lilikuwa neno muzuri,” alisema.

“Ndiyo,” Kitsa alisema. “Ni lake, ule wa miwani.”

Akainua turubai, akalitupa nyuma ya lori, akapanda mbele, mahali pa watu wawili, akakaa peke yake.